Swali la Tisa: Gari Likisimama

Jumapili, alasiri. Rasharasha tangu adhuhuri. Kofia ninayoshona imelala mapajani, haijaongezeka hata mshono mmoja.

Leo nimefanya ubaya. Bora niuandike kabla sijajitafutia sababu nzuri.

Athman, mume wangu, ana mtihani kesho asubuhi huko Mombasa, kwenye duka la magari mapya lililomchukua kwa majaribio, sasa miezi mitano. Akipita, kazi ni ya kudumu. Akianguka, anarudi huku kwetu Amu kwenye ufundi wake wa mashine za boti. Mimi kumfuata siwezi. Mama yangu hainuki kitandani bila mimi.

Mtihani wenyewe ni wa waranti, ile ahadi kwamba gari jipya likiharibika ndani ya muda fulani, kampuni italitengeneza. Unapewa sentensi, unajibu kweli au si kweli. Alinitumia picha za kitabu kizima, na ukurasa wa majibu akaniachia mimi ili asichungulie. Basi kila alasiri mimi, mwanamke wa mji wa punda, namsomea mume wangu habari za magari kwa simu. Tairi zikilika, waranti inazilipia? Si kweli. Ukiruka sevisi, unaweza kukataliwa? Kweli. Nimeyapenda maswali hayo, maana ndiyo saa pekee ninayompata.

Leo tukafika la tisa: gari likiegeshwa bila kuendeshwa, muda wa waranti husimama.

"Kweli," akajibu pale pale. "Mashine haiwaki, hesabu itakwendaye?"

Najua alikolitoa. Mashine ya boti huhesabiwa kwa saa ilizofanya kazi. Boti ikikaa nchi kavu miezi sita, fundi hahesabu kitu. Lakini jibu lilikuwa mbele ya macho yangu: si kweli. Miaka mitatu ya waranti ni miaka mitatu, hata gari lisipotoka uani.

Nikasema, "Sawa."

Sikupanga. Nilimwona tu akilini anashuka gatini na begi lake, anauliza nimepika nini. Nikasoma swali la kumi na sauti yangu haikutetemeka, na hilo ndilo linalonitisha.

Tulipomaliza akaniuliza, "Ushazoweya sasa kukaa bila mimi?"

"Nishazoweya," nikamwambia, ili alale vizuri.

Tangu hapo nimekaa na simu mkononi. Swali moja huenda lisimwangushe. Huenda likamwangusha. Atarudi akiamini kichwa chake ni kizito, nami nitampakulia wali huku najua. Ningekuwa naye hapa, na bado nisingeweza kumtazama.

Halafu nalifikiria lile gari la swali la tisa. Mimi pia nimesimama tu hapa, na katika miezi yote hii hakuna siku hata moja iliyoacha kuhesabika.

Namtamani mume wangu mpaka nimekuwa mwongo.

Sasa hivi, adhana ya magharibi haijalia, nimemtumia ujumbe wa sauti: "Athman, la tisa nalikudanganya. Si kweli. Muda wenda hata gari likisimama. Na lile la kuzoweya, nalo si kweli."

Kesho apite. Nitampongeza kwanza, kisha nikate simu nilie.