Mtambo Umemnasa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu kaja na sifa. Ofisini kwao wana akili bandia ya kusaka wezi wa sarafu za mtandaoni — zile pesa zisizoshikika! Ati wezi huzipitisha mikono mia mpaka zionekane safi, na mtambo unazifuata hadi mlangoni. Haulali, hauli rushwa. Hakuna wa kuukwepa, mama. Nikamwambia basi uje unitafutie mwiko wangu. Kanuna.

Jumatano, 5 Machi
Kaka yake kapita. Kazi hana, viatu vinang'aa. Namwita Bosi kwa kejeli, naye anaitika! Kanipiga tena picha ya uso kwa simu yake. Geuka kulia, mama. Pepesa macho. Mara ya kwanza nilijua anataka kumbukumbu ya mama yake. Nikajipaka na mafuta!

Ijumaa, 7 Machi
Binti kapiga simu, analia. Mtambo umemnasa mwizi — mimi! Kuna akaunti ya sarafu imefunguliwa kwa uso wangu, kwa kitambulisho changu. Zimepita humo pesa za wastaafu waliotapeliwa. Mimi fundi cherehani, nisiyejua hata kutuma picha, jambazi la kimataifa! Akili yote hiyo, haikujiuliza. Nikacheka. Binti hakucheka. Jumatatu faili linakwenda polisi. Nani alikushikia simu, mama? Usiponitajia watakufunga wewe. Nikasema ngoja nikumbuke.
Mungu anisamehe. Nakumbuka vizuri sana.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemweleza Bosi. Kapiga magoti. Mama, wewe mtu mzima, watakuonea huruma. Mimi nitaozea ndani. Tazama niliyemzaa! Uchungu wa mwana aujuaye mzazi — haya, leo nimeujua. Hata machozi hayajamkauka, kauliza kama kuna kiporo. Nimempakulia. Ningefanyaje? Kakonda.
Sasa hivi hodi. Binti. Kaja peke yake, sauti imemkauka. Mama, kaka yumo humo?
Huo mtambo wao unajua kila sarafu ilikolala. Haujui kwamba mwizi mwenyewe yuko jikoni kwangu, mashavu yamejaa, ananitikisia kichwa: usiseme.
Nimemjibu binti, subiri mwanangu, navaa. Nimevaa tangu alfajiri. Niko hapa naandika.
Kasema haya mama, nasubiri. Kakaa kizingitini, namsikia anapenga kamasi. Na huyu wa jikoni ananyoosha sahani — aongezewe!