Taratibu Kapigwa Tochi

Jumanne, 10 Juni 2025

Nimepigwa tochi! Mimi Bertila, mwenye leseni ya wiki tatu! Sitini na nane penye kibao cha hamsini, pale unapoingia mjini kutokea Chala. Na nilikuwa naendesha Taratibu — Corolla ya Baba ambayo bodaboda wote wa mtaani kwetu Katandala huipita huku wakitupungia mkono. Sitini na nane! Sikujua kama anazo.

Afande alikuwa mama mmoja mnene, kavaa sweta ndani ya sare kwa baridi hii. Binamu yangu Kelvin, wa bodaboda, alishanifundisha: ukikamatwa, lia. Ukishindwa kulia, sema unawahi mgonjwa. Nikakunja uso nilie — kikatoka kicheko! Nikacheka mpaka chozi likaja kweli. Afande akauliza kama nimekunywa. Nikasema hapana, shikamoo. Akasema basi mgonjwa yuko wapi, maana leo kila aliyesimamishwa ana mgonjwa. Nikaona bora ukweli: mteremko ulikuwa mtamu, nikajisahau.

Akanionyesha picha. Taratibu kapendeza! Ila pembeni ya barabara wamesimama watoto wawili wa shule, wameshikana mikono, wanasubiri kuvuka. Sikuwaona kabisa. Kicheko kikakata palepale.

Karatasi ninayo. Elfu thelathini, siku saba. Kaniambia nisimfiche mzazi, deni linakaa kwenye namba ya gari na yeyote mwenye simu ataliona.

Shida ni Baba. Alisema mwezi mzima bila kosa, funguo ni zangu. Kosa moja tu — Taratibu anauzwa kwa Mzee Kornel wa Chala. Na zilibaki siku sita!

Jumatano, 11 Juni

Nimelipa. Hela yote ya kusuka watu nywele tangu Pasaka. Kwaheri.

Kelvin anasema deni limeshafutika, kwa hiyo nifunge mdomo. Nimeufunga. Nimekula ugali kimya mpaka Baba akauliza kama naumwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimesema! Sikuweza. Nilimkuta Baba anapiga randa mlango wa mtu, nikamwekea karatasi juu ya ubao. Akavaa miwani. Akasoma. Akasoma tena.

"Sitini na nane? Hili gari?"

Ndiyo, Baba, nisamehe. Nikamsimulia na wale watoto wawili. Hapo akavua miwani. Akasema nimefanya vizuri kusema, lakini ahadi ni ahadi. Jumamosi Mzee Kornel anakuja.

Sasa kichekesho! Nimechungulia dirishani: Baba anampangusa Taratibu boneti, anatabasamu peke yake! Halafu kampigia Mzee Kornel. Huyo mzee miezi yote amekuwa akilalamika gari limechoka, sitini halifiki. Baba anamwambia siyo maneno yangu, mzee mwenzangu, nina karatasi ya serikali! Nimecheka mpaka nimeng'ata mto.

Kisha nikalia. Kumbe nimemuuza mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Mzee Kornel kaja na koti refu na kofia ya manyoya. Kaisoma karatasi, kaigeuza, kaangalia hadi nyuma. Akasema karatasi haina magurudumu, anataka kuona kwa macho. Baba akanirushia funguo — mimi! Mpeleke mzee barabara ya Chala, si wewe uliyemfikisha sitini na nane?

Tukaenda. Baba nyuma, mzee mbele. Palepale. Afande leo hayupo, barabara nyeupe. Lakini kibao kipo, na mimi wale watoto bado nawaona. Arobaini na tisa.

"Kanyaga, binti."

Arobaini na tisa.

"Kanyaga bwana!"

Nikasema mzee wangu, kibao kinasema hamsini. Baba nyuma akakohoa. Hapo ikatupita bodaboda, dereva anatupungia mkono — Kelvin! Nilijibana mbavu nisicheke, usukani ukatetemeka.

Mbele kidogo hamsini inaishia. Ukivuka pale unakanyaga hata themanini, hakuna wa kukuuliza. Sikuvuka. Niligeuza gari hapohapo, kwa adabu zote, nikaweka na taa ya kuashiria.

Sasa wako uani, kando ya gari. Mimi nimejifanya natafuta sukari ya chai. Nawasikia. Mzee Kornel anasema karatasi yaonyesha sitini na nane, macho yake yameona arobaini na tisa, sasa amwamini nani? Mzee anasema basi aitwe binti aseme mwenyewe: gari haliwezi, au yeye hakutaka? Akisema haliwezi, anarudi zake Chala leo hii.

Neno moja tu! Haliwezi. Nani atajua?

Baba atajua. Alikuwa kiti cha nyuma.

Ananiita. Mara ya pili sasa. Sukari nimeshaipata, funguo ziko mfukoni bado, zimepata joto. Nacheka peke yangu jikoni. Naenda kusema ukweli: gari linaweza, mimi ndiye sikutaka.