Picha Uliyoipiga Pasi

Umoja, Nairobi, 1996

Mama,

Mtoto amezaliwa. Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu najua ndilo ulilotaka kusikia. Ni msichana, mzima, vidole vyote vipo, na sauti yake inawaamsha majirani hadi ploti ya nyuma.

Sasa tuseme ya ile picha.

Unakumbuka siku niliyorudi nayo kutoka kliniki? Baada ya mimba mbili kuharibika, daktari alisema safari hii lazima nipigwe picha ya tumbo. Nikakuletea kakaratasi laini, kanang'aa, kanajikunja kila ukikanyoosha. Ulikageuza juu chini ukauliza, "Hii ni mvua ama ni mtoto?" Nilipokuonyesha kisigino, ulikigusa kwa ncha ya kidole. Kisha ukafunga mlango, ukasema mtoto wa tumboni haonyeshwi watu, ukakaficha ndani ya Biblia yako.

Lakini wewe ulikuwa unapiga pasi kila kitu: leso, soksi, hata noti ya sadaka. Karatasi iliyojikunja ungeivumilia wapi? Ulitandika kitambaa, ukapitisha pasi ya makaa mara moja tu. Nikasikia yowe. Nilipofika picha ilikuwa nyeusi tititi, imebaki pembe moja yenye kile kisigino. Ukasema, "Nimemchoma mtoto wako." Nami nikacheka, Mama. Nilidhani kicheko kitakutuliza.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi uliweka kiganja tumboni mwangu: "Bado anacheza?" Nikisema ndiyo, unarudi kwa chai yako. Nilifikiri ni mapenzi ya nyanya tu, kumbe ulikuwa unaogopa. Hata siku presha ilipokuangusha uliuliza hilo hilo, na mimi nilikuwa nalia sana, sikukujibu. Ulienda bila jibu. Hilo ndilo limeniuma kuliko mazishi yenyewe.

Tulipotoka kukuzika nyumbani, nilirudi kliniki na ile karatasi. Woga wako ulikuwa umenihamia. Nilimwuliza dada anayepiga picha kama mtoto ameumia. Hakunicheka. Alichukua karatasi mpya, nyeupe pe, akaikwaruza kwa ukucha, na mstari mweusi ukatokea palepale. "Hakuna wino hapa, mama," akasema. "Hii karatasi inaandikwa na joto."

Mama, hebu fikiria. Mashine inaigusa karatasi kwa joto, nukta moja moja, mpaka uso wa mtoto unatokea. Pasi yako iliigusa karibu yote kwa mpigo. Joto lililomchora ndilo lililomfunika, na yeye mwenyewe hata hakujua! Yule dada akanilaza, akanionyesha moyo kwenye kioo cha mashine. Ulikuwa unadunda, mdogo kama punje ya haragwe, haraka haraka, gizani, bila mtu kuuamrisha. Nililia kwa mshangao. Nikatoka mbio nije nikuambie, na nilikuwa nimeshafika stendi nilipokumbuka kwamba hupo.

Alipozaliwa, kitu cha kwanza nilichotazama ni kisigino. Hakina hata alama. Halafu akalia siku tatu, maziwa anakataa. Shangazi wa baba yake akaja, akataja majina ya waliotangulia, moja moja, mtoto achague lake. La mama mkwe, kilio. La nyanya wa mume wangu, kilio. Alipotaja Nafula, jina lako, mtoto alinyamaza, akageuza kichwa, akanyonya. Unanijua, mimi si mtu wa kuamini ovyo. Lakini jina hilo hilo ndilo nililomwandikisha.

Yule dada alitaka kunitolea picha nyingine. Nilikataa. Anasema hata hiyo pembe itafifia, jua na joto vitaila polepole. Basi iko ndani ya Biblia yako, mbali na jiko. Nakuahidi Nafula ataiona kabla haijafutika, na nitamwambia mkono wa nyanya yake ulipita hapa ukitaka kumnyoosha vizuri.

Pumzika sasa, Mama. Weka pasi chini. Yuko hapa mapajani pangu, ananipiga teke karatasi inatikisika, na jibu lako, nililochelewa nalo, ni ndiyo. Bado anacheza.

Mwanao,
ambaye siku hizi ploti nzima inamwita Mama Nafula