Isale Haifungi Mdomo

Marangu, Kilimanjaro

Mdogo wangu Mariamu,

Wewe mwanamke una roho ngumu! Tangu tumzike shemeji yako hujakanyaga huku. Basi la Singida kuja Moshi lipo kila siku, lakini wewe mwaka huu magoti, mwaka ujao mbuzi. Hao mbuzi umewazaa? Shikamoo yako siisubiri, marahaba chukua. Magoti yakoje sasa? Mtama umekubali? Na mumeo amekwenda kupimwa macho, au bado anasalimia nguzo?

Sisi wazima. Najua watu wamekusimulia kwamba mjukuu wetu Tumaini, rubani wetu, ameangusha ndege. Sasa nisikilize mimi. Tumaini hakuangusha ndege. Ndege ndiyo iliyomwangusha.

Nilikuwa sokoni Kiboriloni na ndizi zangu, nikaona watu wanakimbia barabarani, wanaonyesha upande wa mashamba ya miwa. "Ndege ya wageni imeanguka!" Ndizi niliziacha hapo hapo chini, nikapanda bodaboda. Nikamwambia dereva, "Kimbiza, mwanangu, leo hata ukinimwaga nitakusamehe."

Nilimkuta Tumaini hospitali, bega limevunjika, majani ya miwa bado yamo kwenye nywele. Wageni wake wawili wamechubuka tu, mmoja kamshika mkono hataki kuuachia. Injini ilizimika wakiwa wamepaa kidogo tu, na mbele yao kuna nyumba za wafanyakazi wa miwa. Mtoto akaigeuza, akailaza kwenye miwa kama unavyolaza kichanga. Hakufa mtu. Sikulia mbele yake. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi.

Tena alikuwa amemwambia mwenye ndege kwamba injini inakohoa. Akajibiwa imeshatengenezwa, ruka. Akaamini, maana rubani hafungui injini, hiyo ni kazi ya mafundi. Baada ya ajali yule bwana akaanza kutangaza mjini kwamba msichana alibabaika, akaizima mwenyewe. Wakaguzi walifika kutoka Dar, wakamkuta amelewa dawa za maumivu, wakasema watarudi. Wangesema kosa ni lake, mjukuu wako asingerusha tena hata tiara.

Kabla hawajarudi, mwenye ndege akaja hapa kihambani, nyumbani kwenye migomba yetu. Alikuja na mzee wa ukoo wetu, mkononi kashika isale iliyofungwa fundo. Wewe isale huijui. Ni yale majani marefu tunayopanda mipakani mwa mashamba. Huku mtu aliyekukosea akija na jani hilo, humkatalii msamaha hata kama kakuulia ndugu. Ukikataa, laana ni yako.

Akapiga magoti. "Bibi, nimekosa. Tuyamalize kifamilia."

"Kifamilia vipi?"

"Wakaguzi wakija, aseme tu hakumbuki."

Mzee wa ukoo akamgeukia, nikajua hilo njiani hakuambiwa. Tumaini akaniangalia, machozi yanamlengalenga.

"Bibi, nikiipokea, nimefungwa?"

"Ipokee, mama," nikamwambia. "Isale inafunga kisasi. Haifungi mdomo."

Yule bwana akaruka juu. "Bibi, wewe umeolewa tu huku, mila zetu huzijui!"

"Nimezaa na kuzika katika udongo huu," nikamjibu. "Wewe ulikuwa wapi? Mjini, unauzia wageni mawingu!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyu Mnyiramba kasema kweli," akasema. "Hatubebi isale kwenda kuomba uongo."

Basi Tumaini akaipokea kwa ule mkono mzima. Akasema taratibu, "Baba, nimekusamehe, sina kinyongo na wewe. Lakini una ndege nyingine, na kesho atapanda mtoto wa mtu. Wakaguzi nitawaambia yote."

Nilimtilia yule bwana mbege, pombe yetu ya ndizi, akanywa. Msamaha ni msamaha, sikumtemea mate ndani.

Na wakaguzi aliwaambia. Hakutukana, hakutetemeka. Wakaifungua injini, wakakuta chujio la mafuta limejaa chenga za chuma, na vipuri vilivyotakiwa kutolewa zamani bado vimo, vimechoka kuliko mimi. Wakasema wazi, kosa si la rubani. Hiyo ndege nyingine imesimamishwa mpaka itengenezwe sawasawa. Mariamu, niliposikia nilicheza peke yangu jikoni, na mwiko mkononi! Bega likipona anarudi angani. Kanisani wananiuliza nilimlea kwa chakula gani. Nawaambia mtori na viboko, ila mtori ulikuwa mwingi zaidi.

Nisalimie kaka yetu Yohana, mpiga kengele wa kanisa, na mkwe wako Eliza mwenye mkono mzuri wa kusonga ugali. Na shangazi yetu mkubwa, mwambie bado nina kanga aliyonipa siku naolewa, haijachuja.

Mimi dada yako Naomi nakuambia hivi: utakapokuja, usiingie kwangu na uso wa msiba. Kila anayefika hapa anamwambia mtoto pole, pole, mpaka amezichoka. Wewe ukifika getini piga vigelegele, kisha umpe hongera.