Mwenye Kutunga Fumbo Ni Nani

Mwamini, wewe na wadogo zako,

Mi nimeenda Goma kuita munganga wa hospitali. Uji iko kwa sufuria, baba yenu anywe wa kwanza. Makasi yake nimeficha, asikate vibaya kitambaa ya muteja leo.

Asubuhi alifungua gazeti kwa lile fumbo la maneno lenye anatungaga kila juma. Akasoma: "Inafunika nyumba, tena inakimbia porini. Herufi tatu." Siku alitunga hiyo, kwa meza hii, alicheka mpaka chai ikamwangika. Leo alihesabu tu vile visanduku na kalamu: moja, mbili, tatu, tena moja.

Nikamuambia, "Ni paa, Baba Mwamini. Paa ya nyumba, na paa ya pori."

Akashangaa kama mutoto. "Ala! Huyu mutu ana akili! Ni nani?"

Na jina lake iko chini pale, imeandikwa. Nilikimbia jikoni, nikasingizia moshi.

Gazeti musitupe. Akiuliza tena ni nani, ~~mumuambie ni yeye~~ hapana, hiyo itamuogopesha. Mumuambie ni bwana ya mama, na mama anamungojea.

Mama yenu