Mkono Wangu na Wafilipino wa Malaz

Ijumaa, 6 Februari 2015
Tumeshinda tena. Kiwiko kimevimba kama muhogo. Nimekificha ndani ya kanzu nikampeleka madam, mke wa bosi, sokoni, usukani nimeushika kwa kushoto kama bwana harusi anayeonyesha saa mpya. Hakuona kitu. Yeye huangalia simu tu.
Imebaki fainali, Ijumaa ya tarehe ishirini. Wafilipino wangu hawajawahi kuchukua kombe. Miaka minne nawarushia mpira, miaka minne twaishia njiani. Mie nina sitini na tatu. Mwaka huu au basi.

Jumatatu, 9 Februari
Nekesa, mpishi wetu, mtu wa Bungoma, amenichua kiwiko kwa samli. Anachua kama anakanda chapati.
"Babu, wa umri wako wanacheza na wajukuu."
Nikamwambia wajukuu hawana kombe.
Besiboli haijui. Nikamweleza: mie narusha, mwenye gongo anapiga hewa, anarudi kukaa na aibu yake. Akasema huo si mchezo, ni uchokozi. Ndiyo maana naupenda. Udogoni kule Kilifi nililinda mbata juani, na kunguru wote walinijua. Shule niliacha darasa la tano, kunguru sikuwaacha. Siku moja hapa ugenini, mtaani Malaz, mpira wa hawa Wafilipino ulibingirika hadi kwenye gari, nami namsubiri bosi. Niliurudisha kama jiwe la kunguru. Ukaingia glavu ya Dodong, mdakaji wao, akakaa chini. Tangu siku hiyo nina watu. Wananiita Lolo, yaani babu kwa lugha yao. Ijumaa mie ni mrushaji. Siku nyingine mie ni honi tu.

Jumatano, 11 Februari
Msiba. Familia yahamia Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha. Baba, ndivyo tumwitavyo bosi, kapata kazi huko. Safari ni Ijumaa ya tarehe ishirini. Mie niendeshe gari, nitoke alfajiri.
Siku ile ile ya fainali.

Jumamosi, 14 Februari
Nimepata akili. Nimemwambia baba giaboksi inaumwa, haifiki Jeddah, lazima ilale gereji mpaka Jumamosi. Wao watangulie kwa ndege, mie nifuate na gari. Nilidanganya vizuri hata mwenyewe nikaionea huruma giaboksi.
Baba akanipiga begani. "Mafi mushkila, hakuna taabu. Gari itapanda satha. Wewe utapanda ndege na sisi."
Satha ni lile lori la kubebea magari. Giaboksi ni nzima kabisa. Mgonjwa ni mie. Nekesa amecheka mpaka akashika friji.

Alhamisi, 19 Februari
Ndege ni alasiri. Fainali inaanza saa tatu asubuhi. Nikichomoka, nikarudi kabla ya adhana ya Ijumaa, hakuna ajuaye. Nikichelewa, baba atapeleka ripoti ya huruub, kwamba nimemtoroka. Ukipigwa huruub ikama, kibali chako cha kukaa, imekufa. Ni jela, halafu kufukuzwa nchini.
Naogopa. Mzee mzima, kama mtoto wa chuoni aliyesahau sura yake.
Nitakwenda.

Ijumaa, 20 Februari
Naandika kwa kushoto. Herufi zinalala kama walevi.
Tulikuwa mbele kwa pointi moja, zamu ya mwisho ya wapinzani kupiga. Tumeshawatoa wawili, kabaki wa tatu mwenye gongo, tumtoe tuchukue kombe. Wenzake wawili wanasubiri kwenye vituo wakimbie. Adhana ikalia. Hapo ningeondoka. Dodong akanifuata, akakitazama kiwiko.
"Halas, yatosha, Lolo. Enda. Arushe mwingine."
Nikamuuliza mwingine ni nani, mamake?
Nikarusha. Kitu kikakatika ndani ya kiwiko, nikakisikia kama ukuni. Mpira ukaenda mlegevu, mtoto angeupakata. Yule mwenye gongo akaupeleka mpaka barabarani. Wakarudi wote watatu, pointi tatu. Kwisha.
Vijana walicheza vizuri. Niliyewaangusha ni mie.
Swala imenipita pia. Mungu anisamehe. Yule mwenye gongo simsamehe.
Teksi. Baba mlangoni, simu sikioni, namba ya kuripoti ameshapiga. Akauona mkono unavyoning'inia, akakata simu. Begi langu alilibeba mwenyewe mpaka Jeddah. Heri angenitukana.

Jumapili, 22 Februari
Hospitali. Mshipa umekatika, na kwa umri huu haurudi ulivyokuwa. Daktari aliuliza nilianguka wapi. Nikasema bafuni. Nekesa, aliyenisindikiza, akakohoa.
Baba si mtu mbaya. Amesema dereva wa mkono mmoja hana kazi naye, na ni kweli. Atanitoa kwa eksiti ya mwisho, ruhusa ya kurudi kwetu moja kwa moja, kwa heshima, bila ripoti. Nimemshukuru. Halafu nimeingia chooni nikafungulia maji, nikalia.

Ijumaa, 6 Machi
Joto la Jeddah lina chumvi. Nekesa amenikatia kuku vipande vidogo, nakula kwa kijiko. Hakunitania. Nikajua ananionea huruma, nikaumia zaidi.
Asubuhi Dodong alipiga simu. Nilingoja lawama. Hakulaumu. Alisema wanaanza mazoezi ya msimu mpya, wako uwanjani sasa hivi. Nyuma yake nikasikia wakizozana kwa lugha yao, na mpira ukigonga glavu. Aliyekuwa akirusha alikuwa akirusha vizuri.
Dodong akauliza jezi yangu wampe mtu, au waiweke.
Nikamwambia iwekeni. Mkono unapona.
Ndege yangu ya Mombasa ni Jumanne.