Si Kompyuta Iliyompata Fundi

Dada Gulzar,

Leo ni siku ya tatu tangu tusome khitma ya arobaini yako, na bado nakuonea wivu. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenicheka kama ningeanza na machozi. Nimelia pia, usidhani sikulia. Lakini kilichonikalisha mezani ni wivu.

Nakuandikia Kiswahili. Kikachi kilikuwa cha mama na Kiingereza ni cha watoto. Hiki ndicho tulichochezea uani Mombasa, ndicho tulichotumia kuwateta watu ndani ya basi hapa London, tukijidai hakuna anayeelewa.

Nyumba yako ya Queensbury ingalipo kama ulivyoiacha. Salima mwanao ameosha mapazia, ila kabati lako la viungo hajaligusa. Mimi nililifungua, nikanusa bizari, nikalifunga upesi.

Sasa nikwambie yaliyotokea kwenye khitma. Salima alitaka kusoma habari za maisha yako mbele ya watu, lakini si yeye aliyeziandika. Ni simu. Siku hizi unaiambia simu mambo mawili matatu, nayo inakurudishia hotuba nzima. Alikuwa amechoka, maskini, sikumlaumu. Ukumbi ulijaa mpaka viatu vikapandana mlangoni. Nikajiuliza kwangu mimi watakuja wangapi. Ndiyo, siku ya arobaini yako niliwaza hivyo.

Akafika kwenye habari ya mzee Fundi. Akasoma kwamba ulimsaidia mdogo wako Nasim, mtaalamu wa kompyuta, kumtafuta mzee aliyepotea, na kompyuta ikampata. Watu wakanigeukia kwa heshima.

Wewe unajua ilivyokuwa.

Tulikuwa na mwaka wa nne London Wahindi wenzetu walipofukuzwa Uganda. Ndege zilishusha watu kila siku, wakapelekwa kwenye kambi za zamani za jeshi, mume huku, mke kule. Tukajitolea kwenye ukumbi mmoja Southall kuwatafutia watu jamaa zao. Wewe ulikuwa na birika la chai na maswali. Mimi nilikuwa na orodha. Nilitoboa kadi za majina kazini kwangu, maana kompyuta za siku zile zilisoma matundu, bosi akaniruhusu kuzipitisha kwenye kompyuta yao, kubwa kama makabati matatu, ikatoka karatasi ndefu, A mpaka Z. Nikadhani sasa watu wataacha kupanga foleni kwenye meza yako. Wapi! Kila mtu alimtaka Gulzar.

Ndipo akaja Bi Sakina wa Jinja, kavaa koti la kiume alilopewa uwanja wa ndege. Mumewe alipandishwa ndege nyingine na hakuwa amemwona tena kwa siku tisa. Akanitajia jina lake. Nikapitisha kidole mara moja, mara mbili.

"Hayumo, mama," nikamwambia. "Hakufika."

Hakufika! Orodha haikusema hivyo. Jina halikuwemo, basi. Hilo la pili nililiongeza mimi. Bi Sakina akaketi sakafuni palepale.

Ukaja ukaketi naye. Orodha hukuigusa. Ukamwuliza mumewe ni mtu wa namna gani, anaona vizuri, anasikia vizuri? "Sikio moja tu," akasema. Simu inalia, watoto wanapiga kelele, na wewe umetulia unafikiri, kana kwamba tuna siku nzima. Kisha ukauliza, "Mtu asiyemjua akimwuliza jina, hujibu nini?"

"Fundi," akasema. "Jinja nzima inamwita Fundi. Anatengeneza saa."

"Nasim, hebu tazama kwenye F."

Alikuwemo. Fundi, mwanamume, umri haujulikani, kambi moja mbali huko kaskazini. Siku zote hizo alikuwa kwenye karatasi yangu mwenyewe.

Bi Sakina alikubusu mikono. Mimi nilikuchukia, dada. Alasiri ile mkuu wa ukumbi alipouliza nani kampata mzee, nikajibu kabla hujafungua mdomo: "Kompyuta." Uliniangalia. Kisha ukaenda kuosha vikombe.

Neno lile likanipatia barua ya sifa, barua ikanipatia kazi nzuri. Wewe ukaenda kupakia biskuti kiwandani, na hukunitajia jambo hilo hata siku moja. Ungenitukana ningepumua.

Maisha yangu yote nimekaa na mashine, na sizichukii. Ile kompyuta ilikuwa na jibu. Ila hofu ikitushika tunatafuta kitu cha kufikiri badala yetu, tuweze kusema "hayumo" na kumwita anayefuata. Wewe ulikubali kutojua kwa dakika nzima, mbele ya mwanamke anayelia. Mimi sikuweza. Na simu ya Salima nayo haikubuni kitu. Ilirudia niliyowaambia watu miaka yote.

Basi pale kwenye khitma nikasimama. "Si kompyuta iliyompata Fundi," nikasema. "Ni Gulzar." Nikaeleza yote, hata lile "hakufika".

Unajua kilichofuata? Wakazidi kukupenda! Mwanangu mwenyewe, Karim, akalia kwa ajili yako, na mimi nimesimama pale, wivu umenipanda upya.

Salima akanifuata jikoni. Akaniambia, kwa hicho Kiingereza chake, "Mama naye alikuonea wivu. Kila ulipopita na mkoba wako wa ofisini, alivuta pazia."

Gulzar! Mbona hukusema? Miaka yote hiyo tumekunywa chai pamoja kila Ijumaa, kila mmoja na lake kifuani. Tungeoneana wivu kwa sauti, tukagombana, tukacheka.

Jumapili Salima anakuja na daftari. Anataka nimsimulie maisha yako upya, ayaandike kwa mkono wake. Nakuahidi nitamsimulia yote, hasa yale ya kunichoma. Nisipokumbuka jambo, nitasema sikumbuki, wala sitaongeza langu.

Lala salama, dada yangu. Mungu akupe nafasi pana huko uliko. Nakupenda, na bado nakuonea wivu.

Mdogo wako,
Nasim